Masikio Tuliyoyakodisha



Kila mwaka ifikapo Februari, mjadala uleule huibuka katika mabweni ya seminari, na siku hizi umehamia pia katika makundi ya WhatsApp ya vijana wa parokia: je, Mkristo anayejiheshimu, na hasa frateri, ana kazi gani kwenye tamasha la muziki? Wapo wanaosema muziki ni muziki tu, mradi mtu asilewe. Wapo wanaosema ngoma za usiku zina mwenyewe, na mwenyewe si Mungu. Nimewasikiliza wa pande zote mbili, na naona wanagombania mlango wakati tatizo liko sebuleni. Swali la twende au tusiende lina majibu yake, na walezi wetu wanayajua. Linalonisumbua mimi ni hili: tukishafika huko, tunasikiliza? Na tukirudi kanisani, tunarudi na masikio ya namna gani?

Naandika haya baada ya Jumamosi moja ya tamasha la Sauti za Busara, mjini Unguja. Nilikuwa kisiwani kwa shughuli ya kifamilia, kwa ruhusa ya gombera, na kaka yangu anayefanya kazi huko akanikatia tiketi. Kwa wasiolifahamu, tamasha hili lilifanyika mara ya kwanza mwaka 2004 katika Mji Mkongwe, na limekuwa likirudi kila Februari, isipokuwa mwaka 2016 liliposimama kwa kukosa fedha. Kwa miaka mingi kitovu chake kimekuwa Ngome Kongwe, ile iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali ambapo Wareno walikuwa na kanisa lao. Watanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni. Na lipo sharti moja ambalo waandaaji hulisisitiza: kila mwanamuziki apige na kuimba mwenyewe jukwaani. Hakuna kufungua mdomo huku sauti ikitoka kwenye kompyuta.

Mchana Mji Mkongwe hujaa sauti kabla milango ya Ngome haijafunguliwa. Kichochoroni unapishana na mtu aliyebeba ngoma begani, barazani mwingine anakaza nyuzi za udi, na Forodhani watoto wanajirusha baharini huku wauza urojo wakipanga mabakuli. Magharibi, adhana ilipoanza, fundi aliyekuwa akijaribu spika aliacha kazi yake. Kwa dakika chache pakatulia, nikawasikia hata kunguru wakigombania matawi. Sauti hizo hazikuwamo kwenye ratiba, na pengine wengi wetu ndizo pekee tulizozisikia pamoja siku ile.

Baada ya hapo mzunguko ukaanza. Kikundi kimoja kinafunga jukwaa, kingine kinaanza upande wa pili, na vingine vinapiga nje, kwenye migahawa na mahoteli. Mwenye nguvu za miguu anaweza kuonja vikundi kumi kwa siku moja, na wengi ndivyo walivyofanya, ratiba mkono huu na simu mkono ule. Nyuma yangu kijana mmoja alimwambia mwenzake, "Hawa tushawaona, twende kule." Wimbo wa kwanza wa wale waliokuwa jukwaani haukuwa umekwisha. Angalia neno alilolitumia. Hakusema wamewasikia. Alisema wamewaona.

Sisi tunaosoma falsafa tuna rafiki wa zamani aliyewaona watu wa aina hii kabla yetu. Katika kitabu cha tano cha Jamhuri, Plato anapojaribu kueleza mwanafalsafa ni nani, anamfanya Glaucon alete pingamizi la kuchekesha. Ikiwa mwanafalsafa ni mtu mwenye njaa ya kujua kila kitu, anauliza Glaucon, basi si itabidi tuwahesabu humo hata wapenda maonesho? Wale wanaozunguka kila sikukuu ya Dionisi, ya mjini na ya kijijini, bila kukosa hata moja, kana kwamba wameyakodisha masikio yao kwa kila kwaya? Watu hao hao ukiwaita kwenye mazungumzo ya kutafuta ukweli, hawaji. Sokrate anajibu kwamba wanafanana na mwanafalsafa kwa sura tu. Wanapenda sauti nzuri na rangi nzuri, lakini uzuri wenyewe hawaufikii.

Picha hiyo ya kukodisha inanishangaza kila ninapoirudia. Mtu anayekodisha nyumba haishi ndani yake. Wapangaji wanaingia na mizigo yao, wanatoka, wanaingia wengine, na mwenye nyumba hajui nani alilala chumba gani. Ndivyo lilivyo sikio lililokodishwa. Limejaa saa zote, lakini mwenyewe hayumo.

Zaidi ya karne nne baadaye, Mtume Paulo alifika katika mji huohuo wa Athene. Mtakatifu Luka anatueleza (Mdo 17:21) kwamba wenyeji na wageni wa mji ule walitumia nafasi yao yote kusema na kusikia habari mpya. Basi Paulo naye alikuwa habari mpya. Walimpa jukwaa, wakamsikiliza mpaka alipotaja ufufuko wa wafu. Baadhi wakadhihaki, wengine wakamwambia watamsikia siku nyingine. Kwa lugha ya leo: tushamwona, twende kule. Lakini wapo wachache walioambatana naye wakaamini, akiwamo Dionisi Mwareopago na mwanamke aitwaye Damari. Wote walisikia hotuba ileile. Hao wachache ndio waliobaki na msemaji baada ya hotuba kwisha.

Hata hivyo simkubalii Plato yote. Sisi tunaamini kwamba Neno alifanyika mwili, kwa hiyo hatuwezi kuzidharau sauti na rangi kana kwamba ni kivuli tu cha kurukwa. Na kuzunguka nako kuna baraka yake. Kama ningeng'ang'ania jukwaa kubwa tangu mwanzo, nisingekutana na kikundi cha zeze na marimba ya mkono nilichokikuta nikienda kununua maji. Sikukitafuta. Kilinikuta. Mara nyingi neema nayo hutujia hivyo, tukiwa safarini kwenda kununua kitu kingine. Miguu inayotembea haina kosa. Shida huja pale tunapokutana na kitu na bado hatusimami.

Kwenye kile kikundi nilisimama, tena mpaka mwisho, na nataka kueleza kinachotokea mtu akisimama. Dakika kumi za mwanzo, kusema kweli, zinachosha. Muziki ule unazunguka palepale: nyuzi mbili tatu, marimba yanajibu, sauti inapanda na kushuka kwa namna ileile. Anayepita husema, "Hawa wanarudiarudia." Lakini ukikaa, sikio linaanza kufunguka. Unagundua kwamba marimba ya kushoto hayapigi kitu kimoja na ya kulia. Unasikia sauti ya pili nyuma, nyembamba, uliyodhani ni mwangwi. Unaona mpiga zeze hatazami vidole vyake, anatazama mdomo wa mwimbaji, maana hajui mwenzake atavuta pumzi lini. Ndipo unapoelewa kwa nini waandaaji wanasisitiza lile sharti lao. Muziki unaopigwa papo hapo hauwezekani bila wanamuziki wenyewe kusikilizana. Na uliyedhani ulikuja kuwasikiliza wapigaji, unajikuta unajifunza kusikiliza kutoka kwao.

Kiswahili chetu kilishalijua jambo hili kabla ya somo la falsafa. Kusikia humpata hata aliyelala, mlango ukibamizwa. Kusikiliza ni kazi ya mtu aliye macho. Tena tunasema kutega sikio, kama mvuvi anavyotega dema. Aliyetega dema halinyanyui kila baada ya dakika tano kuangalia kama samaki wameingia. Akifanya hivyo atashinda baharini na kurudi na dema tupu, kisha atailaumu bahari.

Unguja wana darasa jingine la kutega sikio, nalo ni taarab. Neno lenyewe linatokana na Kiarabu, tarab, na maana yake ni ule msisimko unaomjaa mtu anaposikiliza muziki. Fikiria hilo: muziki huu umepewa jina kutokana na kinachompata msikilizaji. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905 na kipo mpaka leo, na sidhani kingefika huko kama kingekuwa na wapita njia tu. Usiku ule, taarab ilipopigwa, mama mmoja aliyekuwa ameketi kimya kwa muda mrefu aliinuka, akaenda taratibu mpaka kwa mwimbaji, akamtunza noti moja, akarudi kuketi. Mgeni asiyejua angedhani ni malipo. Wanaojua wanaelewa kwamba kutunza ni kusema: ubeti huu umenigusa mimi. Na mtu hawezi kuguswa na ubeti wa tano kama aliondoka kwenye wa pili.

Msomaji wa parokiani atauliza: frateri, haya yote yanatuhusu nini sisi tusiokwenda Unguja? Yanatuhusu, kwa sababu sikio ni moja. Hatuna sikio la tamasha na jingine la Misa. Lile tunalolizoesha kuonja na kuondoka ndilo tunaloingia nalo kanisani Jumapili.

Tujitazame kwa upole lakini kwa ukweli. Wapo kati yetu wanaosali Misa ya asubuhi, mchana wanasikiliza mahubiri matatu ya mtandaoni, kila moja dakika nne, na jioni wanakimbilia mkesha wa maombi mahali walikosikia kuna muujiza. Wapo wanaohama parokia kufuata kwaya. Wapo wanaoingia wakati wa Injili na kutoka mara baada ya Komunyo, kabla ya baraka. Wapo wanaoinua simu kurekodi wimbo wa shukrani ambao hawatausikiliza tena. Sisemi hivi ili kuwalaumu. Najua daladala zilivyo, najua mama mwenye watoto watatu anavyofika kanisani akihema. Najua pia kwamba kiu ya Mungu ndiyo inayowatoa watu wengi nyumbani mara tatu kwa siku. Lakini kiu haikatwi kwa kuonja visima kumi. Mtu huinama kwenye kimoja, akanywa.

Na sisi tunaoandaa liturujia tuna sehemu yetu katika jambo hili. Kwaya inayoleta nyimbo mpya kila Jumapili inawafanya waamini wawe watazamaji, maana hakuna aliyepewa muda wa kuujua wimbo hata akauimba. Ukimya baada ya Komunyo, ambao ni sehemu ya Misa, tunauziba kwa wimbo wa ziada, kisha matangazo, kisha matangazo ya kusahihisha matangazo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 kuhusu Liturujia Takatifu, ulipozungumzia ushiriki hai wa waamini ulitaja nyimbo, majibu na ishara za mwili, na papo hapo ukataka ukimya mtakatifu ushikwe kwa wakati wake. Hati ya mwaka 1967 kuhusu muziki katika liturujia ikaongeza kwamba waamini wafundishwe kuungana kwa ndani na kile kinachoimbwa na wahudumu au kwaya, ili kwa kusikiliza wainue mioyo yao kwa Mungu. Kwa Kanisa, basi, anayesikiliza hajakaa bure. Anashiriki.

Mtakatifu Augustino aliliona jambo hili kwa uchungu wa mtu aliyependa sana nyimbo. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo anasita huku na huku. Anakumbuka machozi aliyoyatoa akisikia nyimbo za Kanisa siku za mwanzo za imani yake, kisha anahofia kwamba wakati mwingine uimbaji humgusa kuliko kile kinachoimbwa. Hakuhitimisha kwa kupiga marufuku muziki. Aliutaka ubaki, huku yeye akiendelea kujichunguza. Nadhani huo ndio msimamo tunaouhitaji, kwenye tamasha na kwenye kwaya zetu pia.

Naomba sasa niseme na mafrateri wenzangu, kwa sababu hapa ndipo jambo linapokuwa zito. Tunaandaliwa kwa kazi ambayo sehemu yake kubwa ni kusikiliza. Watu hudhani padre ni mtu wa kusema, kwa kuwa wanamwona kwenye mimbari. Lakini yapo pia yale masaa ambayo hakuna anayeyaona: kwenye kitubio, kando ya kitanda cha mgonjwa, ofisini na wachumba wanaogombana, kwenye mkeka wa msiba. Huko hakuna ratiba ya wasanii. Mtu anaanza na habari za mvua, anapita kwenye bei ya mahindi, anamtaja jirani, na jambo lililomleta linatoka dakika ya arobaini, kwa sauti ya chini, mkono wake ukiwa tayari mlangoni. Padre aliyezoea kuondoka wimbo wa kwanza ukiwa njiani hatalisikia jambo hilo kamwe. Tena hatajua kwamba hakulisikia.

Wakati wa likizo, baada ya sala za jumuiya ndogo ndogo, mzee mmoja wa kigango chetu alikuwa akiwakumbuka mapadre waliopita. Kuhusu mmoja wao alisema, "Alikuwa mwema, mwanangu, tena mchapakazi. Ila akikusikiliza ungedhani ameacha pikipiki inaunguruma nje." Tulicheka. Kisha akaongeza kwamba kaka yake alikuwa na jambo la kumweleza padre yule, akaenda mara mbili, na mara zote mbili akarudi nalo nyumbani. Kaka yake alifariki nalo. Hapo hakuna aliyecheka tena.

Sijui kama padre yule alikuwa na vigango kumi au ishirini vya kuzungukia. Mapadre wetu wamebeba mizigo ambayo sisi tulio darasani bado hatujaibeba, na si haki kuwahukumu kwa maneno ya barazani. Ila najua kwamba sikio halibadiliki siku ya upadirisho. Maaskofu wataweka mikono juu ya vichwa vyetu, na masikio yatakuwa yaleyale tuliyoyazoesha miaka yote hii, darasani, chakulani, na pale mwenzako wa chumba anapoanza kukueleza habari za nyumbani kwao wakati wewe unatazama simu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu madogo, yasiyohitaji kibali cha mtu. Kwanza, ukienda kwenye tamasha, au hata ukisikiliza muziki chumbani, chagua kikundi kimoja ukae nacho mpaka kimalize. Vingine vipite, havitakudai. Pili, kwenye Misa, baki mpaka baraka na wimbo wa mwisho, na viongozi wa kwaya waturudishie dakika mbili za ukimya baada ya Komunyo, pamoja na nyimbo chache zinazorudiwa hadi waamini waziimbe bila kitabu. Tatu, kila siku mpe mtu mmoja nafasi ya kumaliza anachosema, bila kumkamilishia sentensi. Anza na yule ambaye hadithi zake unadhani umeshazisikia zote.

Mfalme Solomoni alipoulizwa na Mungu anataka apewe nini (1 Fal 3), hakuomba maisha marefu wala mali wala roho za adui zake. Biblia yetu inasema aliomba moyo wa adili, lakini maneno ya Kiebrania yenyewe ni moyo unaosikia. Alikuwa kijana, mbele yake taifa kubwa lisilohesabika, kila mtu na kesi yake. Mungu alipendezwa na ombi lile. Na hukumu ya kwanza tunayosimuliwa baada ya hapo ni ya wanawake wawili waliogombea mtoto mmoja, mbele ya mfalme aliyewaacha wote wawili wamalize kusema.